Kesi "inatajwa" au "inasikilizwa"? Jua kabla hujapanda daladala

Ndugu yako akipandishwa kizimbani, sikiliza neno analotamka hakimu anapopanga tarehe. Akisema kesi inakuja "kutajwa", siku hiyo mashahidi hawatoi ushahidi. Wakili wa serikali atasimama, huenda akasema "upelelezi haujakamilika", na baada ya dakika mbili imeahirishwa. Mashahidi wanatoa ushahidi siku ya "kusikilizwa". Ila kama mshtakiwa yuko nje kwa dhamana, lazima afike hata siku ya kutajwa, la sivyo hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata na mdhamini akabanwa.

Halafu kuna hili linalowachanganya wengi. DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka wa serikali) akisema hana nia ya kuendelea na kesi, mshtakiwa anaachiwa, ndugu wanapiga vigelegele. Kumbe bado anaweza kuja kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, kwa sababu hajahukumiwa. Kuachiwa kwa hukumu, baada ya ushahidi kusikilizwa, ni jambo jingine: harudishwi kwa kosa hilo, labda upande wa Jamhuri, yaani wa mashtaka, ukate rufaa. Muulizeni karani: ameachiwa kwa njia ipi?