Jinsi ya kuskiza kinanda cha mabomba cha kina Bach hata kama una simu tu

Wengi wetu hapa Kampala kinanda tunakijua kwa ibada, kinasindikiza nyimbo basi, alafu siku mtu anafungua Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, kwenye YouTube anapata sauti nzito imejaa kila mahali, dakika mbili anazima. Mi naona shida iko kwa vile tunaingia. Kwenye huu muziki hakuna muimbaji mmoja mbele na bendi nyuma. Mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unaimba, miguu nayo inaimba kwa vibao vya kukanyaga, na wote wana jambo la kusema. Kwa hivyo kazi yako ni kuchagua mmoja umfuate.

Kabla ya yote vaa hedifoni. Mabomba ya kinanda yanapimwa kwa futi: yale ya futi 8 yanatoa noti kama ilivyoandikwa, ya futi 4 yanapanda oktava moja (noti ileile lakini juu zaidi), ya futi 16 yanashuka oktava moja, na miguu mara nyingi inapiga hayo ya futi 16. Noti yao ya chini kabisa ni kama herzi 33 hivi. Spika ya simu haiwezi hiyo hata kidogo, yaani unaskiza muziki ambao msingi wake umeondolewa alafu unasema haueleweki. Hata hedifoni za bei rahisi zile zinauzwa barabarani mjini ni afadhali sana.

Sasa anza na kipande kifupi, Fuga ya G ndogo (G minor), BWV 578 (hiyo ni namba ya kazi za Bach, itafute nayo; fuga ni kipande ambacho wimbo mmoja unaingia sauti baada ya sauti), inachukua kama dakika nne. Inaanza sauti moja peke yake juu: noti tatu za polepole, ya pili inaruka juu ya kwanza, ya tatu inashuka, alafu wimbo unaanza kukimbia. Rudia huo mwanzo mpaka uweze kuuimba kwa midomo imefungwa, usione aibu, bila hiyo utapotea. Ukishaushika, achia kipande kiende. Utaskia wimbo uleule unaingia kwa sauti ya pili chini yake, tena ya tatu, mwisho miguu inaingia nao kule chini kabisa, na hapo ndipo mi huwa nasimama kama nilikuwa nimekaa. Raundi ya kwanza fuata juu peke yake. Raundi ingine ngojea miguu tu. Usijaribu kuskia zote mara moja, itakuja yenyewe.

Na banange, sisi tuna bahati hapa. Mtu aliyekua anaskia amadinda, ile marimba ya Buganda, anajua hii kazi tayari, wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja anaweka noti zake katikati ya za mwenzake, wa tatu anashika zile mbao mbili za mwisho, na sikio lako linatoa nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anapiga peke yake. Chukua sikio hilohilo ulete kwa Bach.

Ukizoea ingia Passacaglia ya C ndogo, BWV 582. Miguu inapiga wimbo wa baa 8 (vipimo vya mapigo) peke yake, taratibu, alafu unarudiwa mara 20 huku mikono inabadilisha kila kitu juu yake, kisha inafuata fuga. Shika huo wimbo wa miguu usiuachie. Kuna mahali katikati unahama unapanda juu kabisa, wengi wanafikiri umepotea kumbe uko kwa mkono wa kulia.

Kitu ingine ambacho watu hawaambiwi: kwa kinanda cha mabomba ukibonyeza kwa nguvu ama kwa upole sauti ni ileile, ni hewa tu inaingia bombani, na inabaki hapo mpaka kidole kitoke. Sauti kubwa ama ndogo inatokana na mabomba gani yamefunguliwa. Sasa mpigaji anaongea vipi? Kwa kuachia. Skiza mwisho wa noti, vile vinafasi vidogo kati ya moja na ingine, mpigaji mzuri utamjulia hapo kuliko kwa mbio za vidole.

Ndio maana inafaa kuskia pia vile vipande vya kinanda chochote vikipigwa kwa mabomba. Mwaka 1722 Bach alikusanya jozi 24 za preludi (kipande cha kufungulia) na fuga, leo watu wanazipiga sana kwa piano ama kwa harpsikodi, ile ya kudonoa nyuzi ambayo sauti inakufa haraka. Chukua fuga ya A ndogo, BWV 865. Karibu na mwisho kuna noti moja ya chini inatakiwa ikae muda mrefu wakati mikono yote iko bize kwingine, kwa harpsikodi ya kawaida inakuwa taabu, lakini kwa mabomba mguu unaikanyaga na inakaa. Skiza zote mbili siku moja.

Video nzuri ziko bure, Netherlands Bach Society wanaweka za Bach na kamera inaonyesha mpaka miguu, shusha ukiwa kwa waifai uokoe bando. Na ukipata nafasi nenda Namirembe, kanisa kuu lina kinanda cha mabomba. Ibada ikiisha watu wakitoka wewe kaa kama kuna kinachopigwa, katikati ya kanisa, sio nyuma sana maana mwangwi unachanganya sauti.

Baada ya hapo tafuta Buxtehude, mpigaji kinanda wa mji wa Lübeck kule Ujerumani, yule ambaye Bach mwaka 1705 alitembea kama kilomita 400 kwenda kumskiza. Passacaglia yake ya D ndogo ina wimbo mfupi wa miguu unaorudi mara 28, saba saba kwa sehemu nne, ya kwanza na ya mwisho kwa D ndogo, za katikati kwa funguo (keys) zingine, kwa hivyo kila baada ya mara saba tega sikio uskie inavyohama.