Kuweka turbo kwenye Coaster ya 1HZ: geji kwanza, skrubu ya pampu mwisho

Ndugu zangu, tangu nipandishe Coaster yangu kutoka Masasi hadi Newala mmeniuliza sana kuhusu turbo niliyoifunga, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukumia injini hewa zaidi, basi nimeona niandike somo zima. Ni ile niliyoing'oa viti nikaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Injini ni 1HZ ya dizeli ya Toyota, silinda 6, ukubwa wa cc 4,164, na kiwandani haikuwekewa turbo. Mtwara hadi Lindi inatosha kabisa. Ila ukiipandisha uwanda wa Makonde na nyumba mgongoni, unabaki gia ya pili huku malori ya korosho yanakupita.

Hatua ya 1. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote sita. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, sahau turbo, fungua injini kwanza. Mkanda wa taimingi kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha leo.

Hatua ya 2. Mfumo wa kupooza. Hapa msikimbie. Shusha rejeta, ioshe ndani na nje, maji yakipita kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana vumbi na wadudu waliingilia mbele. Maji ya visima vingi vya pwani yetu yana chumvi na yanakula aluminiamu, kwa hiyo weka kulanti. Halafu thamostati, ile vali inayozuia maji hadi injini ipate joto: mafundi wetu wana tabia ya kuitoa na kuitupa wakidhani wanasaidia. Irudishe. Injini isiyofikia joto lake inalika silinda na kunywa dizeli. Feni nayo ijaribu injini ikiwa ya moto na imezimwa: izungushe kwa mkono. Ikizunguka bila kukamata, kichwa chake (klachi ya feni) kimechoka.

Hatua ya 3. Geji ya joto la ekzosi. Toa manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, toboa ikiwa mezani, ili chembe za chuma zisije zikaingia kwenye turbo. Sensa ikae kabla ya turbo, kwa sababu baada ya turbo moshi umeshapoa na geji itakudanganya. Mlimani mimi sivuki nyuzi 650 za Selsiasi. Ikifika hapo napunguza mguu na kushuka gia.

Hatua ya 4. Turbo yenyewe. Chagua ndogo inayoamka mapema, na upepo unaosukumwa na turbo usizidi pauni 7 kwa inchi ya mraba (psi). Bomba la oili ya kurudi liwe pana, literemke moja kwa moja, liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Fundi wangu wa kwanza alilipindisha likapanda kidogo, kama kiwiko, ili lipishe boriti. Nilipofika Mnazi Mmoja moshi wa bluu ulikuwa umefunika barabara nyuma yangu. Turbo ilikuwa nzima! Oili tu ilikosa pa kwenda, ikapenya kwenye sili. Tulikata bomba, tukalinyoosha, moshi ukaisha siku hiyohiyo.

Hatua ya 5. Pampu. Skrubu ya dizeli iguse mwisho, robo ya robo mzunguko kila mara, kisha nenda mlimani usome geji. Dizeli si petroli: kuongeza mafuta ndiko kunakoongeza joto. Pampu ya 1HZ ya kawaida haijui kama turbo imeamka au imelala, kwa hiyo ukizidisha utatoa moshi mweusi kila unapoondoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Nachingwea: Mkuu, yangu inachemsha mlimani hata bila turbo. Turbo itaipunguzia mzigo?
Hapana kaka, utaua injini. Maliza hatua ya 2, utembee nayo mwezi mzima, ndipo turudi kwenye turbo.

Mwanachama wa Lindi mjini: Kwa nini nisifunge injini ya 1HD-T, ile ya Toyota yenye turbo ya kiwandani, moja kwa moja?
Kama unaipata nzima, ni bora. Ile inapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni na imeundwa kwa turbo. 1HZ ina vyumba vya awali kwenye hedi, na joto likizidi hupasuka. Lakini namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo nenda TRA urekebishe kabla trafiki hajakuuliza.

Mwanachama wa Mikindani: Fundi, watoto wangu wanalala humohumo. Joto la turbo chini ya kifuniko cha injini halina hatari?
Lina hatari dada, na umeuliza la maana. Turbo na bomba la ekzosi vifungwe kitambaa cha kuzuia joto, na kifuniko kiwekewe bati la kinga kwa ndani. Kisha fuata mpira wa gesi kwa mkono, kuanzia mtungi hadi jiko. Wangu ulikuwa unapita chini ya sakafu, shubiri mbili tu kutoka kwenye ekzosi. Niliuhamishia upande wa mlango nikaweka bomba la shaba. Usiwashe injini kabla hujafanya hilo.