Chenji Chini ya Lenzi

Mimi ni fundi saa, na lenzi ya jichoni ndiyo iliyoniponza. Siku moja kazi zilikuwa chache, nikaokota sarafu kwenye droo nikaitazama badala ya saa. Tangu hapo chenji haiingii mfukoni mwangu bila kukaguliwa kama ina kasoro ya kiwandani, zile ambazo wakusanyaji wa sarafu huzitafuta.

Vifaa si vingi. Lenzi inayokuza mara 10 inatosha; ukizidisha hapo utaanza kuona maajabu yasiyokuwepo. Taa iinamishe imulike kutoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa moja kwa moja kutoka juu hufuta vivuli, na vivuli ndivyo tunavyovisoma. Tafuta mizani ya sonara inayopima mpaka sehemu ya mia ya gramu. Sabuni, brashi na dawa ya meno viache bafuni: sarafu iliyosuguliwa hushuka thamani kwa wakusanyaji, hata iwe na kasoro adimu namna gani.

Kwanza zitenge kwa aina na mwaka. Tofauti nyingi zinazotafutwa ni za mwaka fulani tu, kwa hiyo mwaka unakwambia uangalie nini. Mfano mzuri ni senti moja ya Marekani ya 1982. Mwaka huo waliacha shaba wakahamia zinki iliyopakwa shaba, na tarakimu za mwaka zikatoka kwa ukubwa wa aina mbili. Ya shaba ina gramu 3.11, ya zinki gramu 2.5. Kwa macho zinafanana, kwa hiyo hapo mizani hutangulia, lenzi hufuata.

Kisha kila sarafu isome kwa mpangilio uleule: mwaka, maandishi, sura, ukingo, halafu ugeuze. Namna ya kugeuza nayo ni kipimo. Sarafu za Uingereza na za yuro zikigeuzwa kama ukurasa wa kitabu, upande wa pili unasimama wima. Za Marekani hugeuzwa juu chini. Ukiona picha ya upande wa pili imelala kama imelewa, muhuri, yaani chuma kinachogonga picha kwenye sarafu, ulikuwa umezunguka kwenye mtambo.

Kumbuka pia kutafuta kisichokuwepo. Jicho hupenda ziada, husahau pengo. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha sura ya peni 20 na kuuhamishia mwaka upande wa kichwa. Zikatoka sarafu zilizogongwa kwa muhuri wa zamani wa kichwa na muhuri mpya wa upande wa pili, zisizo na mwaka popote. Zilipita mikononi mwa watu kama chenji nyingine yoyote.

Sasa tuje kwenye herufi pacha, ambako wengi tunaumbuka. Muhuri wenyewe hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama, na zamani ulikandamizwa zaidi ya mara moja. Mkandamizo wa pili ukipinda kidogo tu, maandishi yanakuwa mawili ndani ya muhuri, na kila sarafu itakayogongwa nao huzaliwa hivyo. Senti ya Marekani ya 1955 ndiyo maarufu kwa hilo; upacha wake unaonekana bila lenzi. Lakini kuna upacha mwingine usio na thamani ya maana: muhuri uliolegea hutikisika na kuisugua herufi baada ya kuigonga. Huo huacha kingazi bapa kando ya herufi, na herufi yenyewe huwa imepungua unene. Upacha wa kweli huinenepesha herufi, nakala zote mbili huwa na mviringo, na kwenye ncha utaona mpasuko kama ulimi wa nyoka. Mimi niliilaza sarafu yangu ya kwanza kwenye pamba wiki tatu, nikamtangazia hadi shemeji. Mkusanyaji mmoja mzee aliitazama kwa sekunde mbili, akanirudishia: "Imetikisika tu hii, fundi."

Akanipa kanuni ninayoishika hadi leo: kilichoinuka kilitoka kiwandani, kilichozama muulize aliyeitumia. Muhuri ukipata ufa, madini huujaza, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Ukimeguka pembeni, hutoka kibonge ukingoni. Mstari uliozama mara nyingi ni mkwaruzo wa funguo. Lakini grisi ikiziba muhuri, herufi hufifia bila mkwaruzo wowote, na hilo nalo ni kosa la kiwandani.

Sarafu iliyong'atwa pembeni itazame upande unaokabiliana na pengo. Kama kipande cha madini cha kutengenezea sarafu kilikatwa vibaya kabla ya kugongwa, mara nyingi ukingo wa upande huo nao hufifia, kwa kuwa haukupata kani ya kuubana. Aliyetumia tupa nyumbani hawezi kuiga hilo kirahisi. Na sarafu yenye vichwa viwili, kabla hujashangilia, pitisha lenzi ndani ya ukingo: karibu zote ni mbili zilizochongwa na kuunganishwa kwa ajili ya kiinimacho, na kiungo kiko hapohapo.

Iliyopita majaribio yote ishike kwa kingo, itie kwenye bahasha yake ya karatasi, uandike uzito na siku uliyoipata. Nyingine zote zirudishe kwenye matumizi. Mimi nilikuwa naziweka zote "kwa tahadhari", mpaka droo ya vipuri vya saa ikagoma kufunguka.