Kufunga mwamba wa pweza, na kuufungua bila kuuvunja

Wengi mmeniuliza kijiji kinaanzaje kufunga mwamba, yaani kuacha kuvua pweza hapo kwa muda ili wakue. Mie ni mchokoaji wa pweza huku Pemba, na nimo kwenye kamati yetu ya wavuvi tangu tulipofunga mara ya kwanza. Nitakawia zaidi kwenye siku ya kufungua, maana huko ndiko matumbawe yanakokufa.

Hatua ya 1. Kaeni kitako wote, si wenye mitumbwi peke yao. Wanawake wanaotembea mwambani maji yakitoka ndio wa kwanza kukosa kitoweo mwamba ukifungwa. Wasipoitwa siku ya maamuzi wataingia tu, na mie sitawalaumu. Mwiteni sheha, mkuu wa shehia yenu, na majirani wa shehia ya pili wanaovua hapo.

Hatua ya 2. Chagueni kipande, msifunge mwamba wote. Kiwe na mashimo mengi na kionekane kutoka pwani, ili hata mzee aliyekaa kivulini aone chombo kikiingia. Sehemu nyingine iachwe wazi watu wapate riziki. Mipaka wekeni maboya, lakini kubalianeni pia alama za nchi kavu, kwani kusi likivuma boya hukatika.

Hatua ya 3. Fungeni miezi mitatu, bamvua hadi bamvua, yaani siku zile maji yanapojaa na kutoka sana. Pweza wetu huishi kama mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukua kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo muda huo unamtosha kunenepa. Wenzetu wa kijiji cha Andavadoaka, Madagascar, walianza mtindo huu mwaka 2004.

Hatua ya 4. Doria kwa zamu. Faini iandikwe kabla, isitungwe mtu akishakamatwa.

Hatua ya 5. Kufungua. Mara ya kwanza tulifungua kama watu wanaokimbilia karamu. Alfajiri pwani ilijaa, kila mtu na nondo yake ya chuma. Pweza akijibana shimoni, jiwe linapigwa mpaka lipasuke. Jioni mizani ilitufurahisha. Bamvua la pili nikapita pale pale: matumbawe ya matawi waliyokuwa wakijificha changu wadogo na vitatange yamelala chini kama vigae. Nililia. Matumbawe magumu ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Miezi mitatu ya kufunga haiwezi kurudisha kilichovunjwa kwa asubuhi moja.

Sasa nondo ni marufuku, tunatumia kijiti chembamba. Tunapita kwenye mchanga na mawe mafu, hatukanyagi tumbawe lililo hai. Pweza asiyefika nusu kilo anaachwa. Jike anayelinda mayai pia anaachwa: utamkuta amejiziba mlango kwa vijiwe, habanduki, na mayai yananing'inia ndani kama mashada ya punje ndogo. Huyo hutaga mara moja tu maishani, na mayai yakishaanguliwa hufa. Maji yakianza kujaa filimbi inapulizwa, wote tunatoka. Bei tunakubaliana na wachuuzi siku kadhaa kabla, ili mtu asilazimike kushindana na mwenzake kufika mzani wa kwanza.

Maswali

Assalaam alaykum dada. Sisi Micheweni tunapata wavuvi wa dago, wageni wanaopiga kambi pwani, kila msimu. Hawajui mwamba umefungwa. Tufanyeje?

Waalaykum salaam kaka. Wafuateni walipopiga kambi kabla hawajashuka baharini, mwende na mzee mmoja na kijana mmoja. Waonyesheni alama kwa macho yao. Sisi tuliwaalika pia siku ya kufungua, kwa masharti yale yale ya kijiti, na tangu hapo wao wenyewe hutuletea habari wakiona chombo kigeni.

Bi mkubwa, tukifunga mwaka mzima si tutapata pweza wengi zaidi?

La, mwanangu. Pweza hawekwi akiba kama mpunga ghalani. Wengine watakufa kwa uzee kabla hamjawafikia. Kufungwa daima kunawafaa samaki wa mwambani kama chewa, wanaochukua miaka kukua. Ukitaka kuona mfano, tazama mwamba wa hifadhi wa kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, hakuruhusiwi kuvua tangu ilipotangazwa hifadhi mwaka 1994, au ile sehemu ya kisiwa cha Misali, hapa Pemba, isiyoruhusiwa kuvuliwa.

Mwaka 2016 maji yalipopata joto matumbawe yetu yaligeuka meupe. Yakiwa meupe ndiyo yamekufa?

Bado, kaka. Weupe ni dalili kwamba vijimea vidogo sana vinavyoishi ndani ya tumbawe na kulilisha vimetoka. Maji yakipoa mapema vinarudi. Yakichelewa, tumbawe linakufa na kufunikwa na mwani. Hapo ndipo tunapomhitaji samaki aitwaye pono, kwa kuwa hukwangua mwani na kuacha jiwe safi ambapo tumbawe changa linaweza kushika. Kwa hiyo mwaka wa joto, msifungue kwa haraka, na pono akinasa kwenye dema, ule mtego wa kusuka, angali hai, mrudisheni.