Jinsi ya kujua kama pesa ya shule wilayani kwenu inapunguza pengo la matokeo kati ya watoto

Hapa Uganda kila matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka maneno ni yaleyale, ati wilaya yetu ni kubwa mno igawanywe tupewe wilaya yetu, ati wale jirani wanapewa pesa mingi ndo maana watoto wao wanapita. Kabla hamjabishana fanyeni hesabu kwanza.

Pesa ya jumla haikuambii kitu, gawanya kwa vichwa. Tuseme wilaya kubwa ina shilingi bilioni 27 na wanafunzi 90,000, hiyo ni 300,000 kwa mtoto. Ndogo ina bilioni 10 na nusu, watoto 30,000, inatoka 350,000. Lakini toa pesa ya ofisi, maana kila wilaya mpya inataka DEO wake, yaani afisa elimu wa wilaya, wakaguzi, gari, jengo, na Uganda tulikua na wilaya 33 mwaka 1986 leo tumepita 130! Kinachobaki ndo cha darasani, na hapo ile ndogo inaweza kuwa nyuma.

Alafu uliza kama pesa ilifika, na hapa ndo penyewe. Watafiti walifuatilia ruzuku ya shule za msingi ya 1991 mpaka 1995, ile isiyo ya mishahara, wakakuta kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu. Serikali ikaanza kuitangaza magazetini na kubandika shuleni, kufika 2001 inayofika shuleni ikapita asilimia 80. Kwa hivyo nenda usome ubao wa matangazo, kama hauna kitu ulizeni kamati ya shule, ni haki yenu kabisa.

Sasa pengo lenyewe. Wastani wa wilaya unaficha sana, unaweza kuona divisheni 1, ile ya juu kabisa, nyingi kumbe zote zimetoka shule mbili tatu za bweni mjini, huko kijijini karibu darasa zima limepata U, yaani wamefeli. Hesabu mjini na kijijini mbalimbali, wasichana na wavulana mbalimbali. Angalia pia waliokua P.4, darasa la nne, miaka mitatu nyuma ni wangapi walikaa mtihani wa P.7, sababu aliyeacha shule haonekani kwenye matokeo na mimi huyo ndo ananiuma zaidi. Kama wilaya ni ndogo chukua miaka mitatu minne, watoto wachache tu wakifeli asilimia inaruka.

Hesabu hizo ziandikeni kwenye karatasi mmpelekee diwani wenu kabla ya mkutano wa bajeti wa wilaya, na mumuombe walimu zaidi kwa ile shule yenye U nyingi, mkiitaja kwa jina lake.