Unaenda kusoma muhula nje ya nchi? Kozi zako ziidhinishwe kwa maandishi

Kabla hujafunga begi, hakikisha idara yako imekubali kwa maandishi kila kozi utakayosoma huko. Neno la mdomo halitoshi, hata likitoka kwa mhadhiri mwema kiasi gani.

Mimi nilikuwa nimeidhinishiwa kozi nne. Nilipofika nikakuta moja imejaa, nyingine haifundishwi muhula huo. Nikachagua mbili mpya, na jioni hiyohiyo nikamwandikia mratibu wa idara yangu barua pepe, nikaambatanisha muhtasari wa kila kozi na kumwomba anithibitishie kwamba zitahesabiwa. Alinijibu mistari miwili tu. Niliporudi, mratibu alikuwa mtu mwingine kabisa, na mistari ile miwili ndiyo iliyoniokoa nisirudie masomo.

Tunza pia orodha ya vitabu na kazi zako zilizosahihishwa. Vipakue mapema, maana akaunti ya mwanafunzi mgeni inaweza kufungwa muhula ukiisha.

Uzito wa kozi nao uangalie. Vyuo vingi vya Ulaya hutumia ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu na kuhamisha krediti za masomo, ambapo mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, yaani 30 kwa muhula. Krediti 6 za huko si lazima ziwe 6 za kwenu, kwa hiyo uliza mapema zinageuzwaje.

Matokeo yako rasmi ulizia utaratibu wa kuyapata kabla hujaondoka huko ugenini, ukiwa bado unaweza kwenda dirishani mwenyewe na kuongea na mhusika ana kwa ana.