Kumpikia Mgeni Mwenye Mzio na Asiyekula Vitokanavyo na Wanyama: Mwongozo kwa Majiko ya Malindi

Wageni wanaofikia Malindi, hasa Waitalia waliouzoea mji huu, siku hizi huuliza kilichomo chakulani kabla ya kuagiza. Mpishi asilichukulie swali hilo kuwa ni madaha. Tangu Desemba 2014, sheria ya Umoja wa Ulaya huwataka wauza chakula, hata cha mgahawani, waeleze kama kina kimojawapo cha vitu 14 viletavyo madhara, vikiwemo ngano, maziwa, mayai, samaki, kamba, njugu karanga, korosho, soya na ufuta. Mgeni aliyezoea kujibiwa kwao hutarajia kujibiwa na huku.

Kwanza, tenganisha maombi mawili ambayo wahudumu wengi huyachanganya. Asiyekula vitokanavyo na wanyama amejichagulia, na anaweza kula kashata ya njugu bila wasiwasi. Mwenye mzio wa njugu, yaani ambaye mwili wake huzikataa kwa ukali, kashata hiyohiyo inaweza kumuua. Yupo pia mwenye maradhi ya siliaki, ambayo si mzio hasa, bali mwili hushambulia utumbo wake wenyewe kila gluteni, yaani protini ya ngano au shayiri, inapoingia. Kwa hiyo mhudumu aulize: «Hupendi, au kinakudhuru?»

Katika kuchagua chakula, sioni haja ya kuagiza vitu vya makopo vya bei kubwa, kwa maana jiko la pwani tayari limejaa vinavyofaa. Mbaazi za nazi, maharagwe, mchicha wa tui, muhogo wa nazi na wali wa nazi havihitaji nyama, maziwa wala ngano. Hatari huingia na vile vidogo vinavyoongezwa bila kutajwa: samli katika wali, vidonge vya kukoleza mchuzi, ute wa yai katika mkate wa kumimina, maziwa ya unga katika mahamri, au kiganja cha unga wa ngano kinachotiwa katika vitumbua ili vishikane. Mvuje wa unga wa vikopo, ambao baadhi ya wapishi huutia katika bajia za dengu, mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, basi soma kibandiko chake. Nazi yenyewe haimo katika zile 14, lakini wapo wachache inaowadhuru, na kwa kuwa sisi huitia karibu kila chunguni, itajwe waziwazi.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kuzuia chakula kimoja kisigusane na kingine, kwa sababu moto hauwezi kutegemewa kuondoa kinachodhuru. Karai lililokaangiwa sambusa au viazi vya karai vilivyovikwa unga wa ngano lisikaangiwe bajia za mwenye siliaki, hata mafuta yakichujwa. Unga wa mchele uliosagwa katika kinu kilichosaga ngano hautamfaa. Afadhali uroweke mchele na kuusaga mwenyewe katika chombo safi. Tenga mwiko, kibao na sufuria, vitie alama ya rangi, na chakula cha mgeni huyo kipikwe kwanza, kabla unga haujaanza kuruka hewani.

Andika kila chakula na vitu vyote vilivyomo kwenye daftari la jikoni, na mpishi anapobadilisha chochote alisahihishe siku hiyohiyo. Mhudumu asiyejua ajibu kwamba hajui, kisha aende kuuliza. Kubahatisha ni dhuluma kwa mgeni.

Mgeni akivimba midomo au koo, au akianza kuhema kwa shida, muulize kama anayo sindano yake ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio, adungwe pajani mara moja. Alazwe chini, au akae akishindwa kupumua, wala asitembezwe. Apelekwe hospitali hata akijiona amepata nafuu, kwa kuwa hali hiyo huweza kurudi baada ya saa chache. Namba ya hospitali na ya dereva ziwe zimebandikwa ukutani.